Kabla Hujakitoa, Uliza ni cha Nani



Ndugu msomaji, wengi wetu tukirudi nyumbani likizo hii tutakuta mahali pamoja pamejaa vitu. Huenda ni stoo, huenda ni chini ya kitanda cha mama, huenda ni pembe ya jikoni. Na kwa kuwa tumesoma kidogo na tumeona namna wengine wanavyopanga nyumba zao, tutatamani kupasafisha. Naandika makala hii kwa sababu mimi nilisafisha stoo ya kwetu, nikamdhulumu mtu, na dhuluma hiyo nikaiita sadaka.

Kwetu ni Bwera, wilaya ya Kasese, karibu na mpaka wa Mpondwe. Ukivuka mto Lhubiriha uko Kasindi, Kongo. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, watu wa pande zote mbili hujaa Mpondwe na samaki wakavu, maharage, kahawa na vitenge, wakielewana kwa Kikonzo na Kiswahili. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na stoo. Baba alifariki miaka minne iliyopita, na tangu siku hiyo stoo ile haikutolewa kitu. Kila kilichoingia kilikaa: magodoro matano ya zamani, sufuria zilizotoboka, pasi ya mkaa isiyo na mshikio, baiskeli ya baba, redio yake, koti lake la mvua, madumu, magunia, na boksi mbili za makaratasi ambazo panya walikuwa wameanza kuzisoma kabla yetu.

Kila nilipomwambia Mama tupunguze, alinijibu neno moja: "Akiba haiozi, mwanangu."

Mimi niliona inaoza. Nilikuwa nimetoka chuoni Mbale na kichwa kimejaa masomo ya zuhudi. Tulikuwa tumejadili sura ya At-Takathur darasani, namna kushindana kwa wingi kunavyowashughulisha watu mpaka wanaingia makaburini. Tena bwenini mwenzangu mmoja alikuwa akituonyesha kwenye simu vipindi vya Marie Kondo, yule mama wa Japani ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba, kilichotoka kwanza kwao, kimesomwa dunia nzima. Yeye anakufundisha ushike kila kitu mkononi na ujiulize kama kinakupa furaha. Kisichokupa furaha, kishukuru na ukiage. Nikajiambia: mafundisho ya zuhudi na ya mama huyu yamekutana. Nikirudi Bwera, stoo ile itanitambua.

Siku tatu nilizojiona mchamungu

Nafasi ilipatikana Mama alipokwenda Kasese mjini kumuuguza shangazi. Nilibaki na mdogo wangu wa miaka 11. Siku ya kwanza tulitoa kila kitu uani. Siku ya pili alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na toroli lake. Nilimuuzia sufuria, pasi, majembe yasiyo na mipini, na kitu kizito kilichokuwa chini kabisa, kimefungwa ndani ya gunia: kichwa cha cherehani, kimeshika kutu. Nilikishika mkononi kama nilivyofundishwa. Hakikunipa furaha yoyote. Vyote kwa pamoja alinilipa shilingi 35,000.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala walipita wanaochangisha kwa ajili ya mayatima, nikatoa zile 35,000 zote, sikubakiza hata nauli ya bodaboda. Nilirudi kwa miguu nikiwa mwepesi. Nilijiona nimepata mambo matatu kwa mpigo mmoja: nyumba safi, nafsi isiyoshikamana na dunia, na sadaka. Magodoro niliyaegemeza ukutani ili jirani ayachukue, na makaratasi niliyapanga tayari kwa kuchomwa.

Mama alirudi jioni ile. Hakugomba. Alizunguka ua mzima, akaingia stoo, akatoka, akauliza:

"Gunia la mama wa Kongo liko wapi?"

Hapo ndipo nilipojua. Miaka mitatu nyuma, nikiwa shuleni, mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia Mama vitenge alivuka mpaka na wanawe usiku, vijiji vya upande wa Beni viliposhambuliwa. Alilala kwetu siku nne. Alipopata gari la kwenda makazi ya wakimbizi ya Kyaka II hakuweza kupanda na mizigo yote. Mguu wa cherehani alikuwa ameuacha kwao. Kichwa alikibeba begani mpaka Bwera, akakiacha mikononi mwa Mama. Alisema, "Dada, uniwekee. Nitarudi." Mama alisema, "Nimepokea."

Jumamosi nilimtafuta mnunuzi wa vyuma. Nilimpata, lakini mzigo ulikuwa umekwisha kupakiwa kwenye lori na kuondoka. Siku kumi baadaye mwenyewe alifika, bila taarifa. Alinisalimia kwa furaha, akanitazama nilivyokua, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mtoto yangu, mashini yangu iko?"

Ndugu msomaji, nimefanya mitihani mingi. Swali gumu kuliko hilo sijapata kuulizwa.

Nia njema haifuti haki ya mtu

Nilikwenda kwa sheikh wetu wa msikitini nikiwa na hoja mkononi. Nilimwambia: matendo ni kwa nia, na nia yangu ilikuwa njema. Sikujua kuwa ni amana. Sikula hata shilingi moja, yote yalikwenda kwa mayatima.

Sheikh alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Ulichotoa ni cha mwenzio. Kwako wewe hapo hakuna sadaka, kuna deni."

Nilirudi kwenye vitabu vyangu kutafuta pa kutokea, nikakuta mlango umefungwa. Wanavyuoni wa fiqhi wanatenganisha mambo mawili ambayo sisi vijana tunayachanganya kila siku: dhambi na dhamana. Aliyekosea bila kujua anaweza kuondolewa dhambi, lakini kukosea hakumwondolei dhamana ya mali ya watu aliyoiharibu. Ukikanyaga yai la jirani gizani, Mola wako anajua hukukusudia, na jirani anabaki hana yai. Nia ni baina yako na Allah. Yai ni baina yako na jirani. Hii ndiyo sababu hata mtoto akiharibu mali ya mtu, fidia hulipwa kutoka katika mali yake ingawa kalamu ya dhambi haijaanza kumwandikia.

Kuhusu sadaka, mlango umefungwa zaidi. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Allah hakubali swala isiyo na tohara wala sadaka itokayo katika mali ya khiyana. Tazama namna mambo hayo mawili yalivyowekwa pamoja. Huwezi kuswali bila udhu ukasema nia yako ilikuwa njema. Vivyo hivyo huwezi kumpa maskini cherehani la maskini mwingine.

Nilipofikiri zaidi niligundua kosa langu halikuanzia kwa mnunuzi wa vyuma. Lilianzia kwenye swali nililouliza. Mimi nilikishika kitu na kuuliza: kinanipa nini? Swali hilo lina mahali pake. Mtu anayeishi peke yake, aliyenunua kila kilichomo chumbani kwa pesa yake, anaweza kuanza nalo. Na kwa haki yake, Marie Kondo mwenyewe anaonya watu wasiguse vitu vya wenzao. Onyo hilo mimi nililiruka kwa kuwa halikunifurahisha. Lakini nyumba zetu hazikujengwa kwa mtu mmoja. Katika stoo moja ya Bwera kuna mali ya mama, ya marehemu, ya yatima, ya jirani aliyeazimisha, na ya mgeni aliyekimbia vita. Kabla ya kuuliza kama nakihitaji, yapo maswali ya kutangulia: ni cha nani, na mwenyewe anasemaje?

Katika sura ya An-Nisaa, aya ya 58, Allah anatuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Na tunayo sira. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, watu waliokuwa wakimfanyia uadui walikuwa wameweka mali zao kwake kwa kuwa hawakumwamini mwingine. Usiku ule waliopanga kumuua, alimwacha Ali (r.a.) nyuma azirudishe amana hizo kwa wenyewe. Ali alibaki Makka siku tatu kwa kazi hiyo. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema "hawa ni maadui, nimo safarini, mizigo yao itajua wenyewe", ni yeye. Mimi sikuwa safarini, na mwenye mali hakuwa adui. Nilichoka tu kuona gunia.

Huenda utauliza: je, mtu awekewe mzigo maisha yake yote? Hapana. Amana si minyororo. Fiqhi inamruhusu aliyepokea amana kuirudisha wakati wowote atakao: kwa mwenyewe, au kwa wakili wake, na akikosa hao kwa kadhi au mtu mwaminifu. Tena kilichoniumiza zaidi ni kwamba namba ya simu ya mama yule ilikuwemo ndani ya daftari la Mama, katika yale makaratasi niliyotaka kuyachoma. Njia ya halali ya kuondoa gunia lile stoo ilikuwa simu ya dakika mbili.

Godoro la nne

Ipo hadithi maarufu katika Sahih Muslim ambayo nilimsomea Mama tulipokuwa tukibishana juu ya magodoro: kwamba tandiko moja ni la mume, la pili la mkewe, la tatu la mgeni, na la nne la shetani. Nilimwambia, "Mama, sisi tuna matano stoo, mbali na ya vitandani."

Mama alinijibu kwa swali: "Mwaka 2020 shangazi yako alilala juu ya nini?"

Nilinyamaza. Mwezi wa Mei mwaka 2020, katikati ya zuio la korona, mto Nyamwamba ulishuka kutoka milima ya Rwenzori na mawe makubwa kama nyumba. Uliharibu vibaya hospitali ya Kilembe, ukabomoa nyumba za watu na kuwafanya wengi waishi kambini. Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Mei mwaka 2013 ulikuwa umefanya hivyohivyo. Nyumba ya shangazi ilikwenda na maji yote. Yeye na wanawe walikuja kwetu, na kwa miezi miwili tulikuwa watu 11 chini ya paa moja. Magodoro yale yaliyonikera ndiyo yaliyowalaza.

Imam Nawawi anapoeleza hadithi ile anataja kuwa makusudio ni kile kinachozidi haja na kuchukuliwa kwa fahari na kujipamba kwa dunia. Kwa hiyo ubishi wetu haukuwa juu ya hesabu ya magodoro bali juu ya neno haja. Nani anajua haja ya nyumba? Kijana anayerudi kwa wiki sita, au mama aliyekwisha kupokea wakimbizi wa mafuriko na wakimbizi wa vita kwenye sakafu hiyohiyo?

Hapa nadhani sisi wanafunzi tunakosea tunaposoma zuhudi. Tajiri akitoa kitu leo, kesho akikihitaji atanunua kingine. Kutoa kwake ni kwepesi, na duka ndilo stoo yake. Maskini hana stoo nyingine zaidi ya ile ya nyumbani kwake. Dumu la zamani, kamba, kipande cha bati, gunia tupu: kwake hiyo ndiyo bima. Ukimwambia atupe, unamwambia anunue mara ya pili. Na Mtume (s.a.w.) alikataza kupoteza mali, kama ilivyo katika hadithi ya Bukhari na Muslim. Kutupa chenye manufaa ili chumba kipendeze ni kupoteza mali pia, hata kama tunakuita usafi.

Lakini sitaki kumpa Mama ushindi wote, na yeye mwenyewe hakuutaka. Akiba haiozi ikitunzwa. Kati ya magodoro matano, mawili yalikuwa yamelowa na kugeuka makao ya panya. Hayo hayakuwa akiba tena, yalikuwa maradhi yanayosubiri mgeni. Kuweka kitu kwa ajili ya mgeni na kukiacha kioze si ukarimu, ni uvivu tuliouvalisha kanzu. Matatu tuliyaanika juani, tukayashona upya maganda, tukayafunga ndani ya magunia safi. Mawili tuliyatoa.

Redio ya baba

Mali ya marehemu ndiyo ilikuwa kimya kuliko vyote. Baiskeli, redio, koti, panga, jembe zuri, kanzu mbili. Miaka minne hakuna aliyevigusa, na sisi tuliona huko ni kumheshimu baba. Mimi katika usafi wangu nilikuwa nimepanga kumpa koti mlinzi wa shule na redio mjomba.

Sheikh aliponisikia nikisema hivyo aliniuliza, "Mdogo wako amebaleghe?" Nikasema bado. Akasema, "Basi koti hilo lina fungu la yatima, na yatima hawezi kukupa ruhusa."

Wewe, mimi na dada yangu tunaweza kusamehe mafungu yetu, kwa kuwa ni watu wazima. Fungu la mtoto halisamehewi na yeyote, hata mama yake. Aya ya 10 ya An-Nisaa inawataja wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma kuwa wanakula moto matumboni mwao. Sisi tukisikia aya hiyo tunamfikiria mjomba mwovu anayenyang'anya shamba. Hatumfikirii kaka mwema anayegawa koti.

Basi tukakaa kikao. Kwanza tukayapitia yale makaratasi, na Alhamdulillahi hayakuwa yamechomwa. Katika daftari la baba tulikuta deni la shilingi 22,000 kwa muuza mbolea, mzee ambaye miaka yote minne alikuwa akitusalimia asitudai. Deni hutangulia mirathi. Vitu vyote vilikadiriwa na majirani wawili waadilifu kuwa shilingi 422,000. Likatoka deni, zikabaki 400,000. Babu na bibi walikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo warithi ni Mama, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mama ana thumuni, yaani 50,000. Zilizobaki 350,000 zinagawanywa mafungu matano: kila mwana wa kiume mawili, ambayo ni 140,000, na binti moja, 70,000. Baiskeli ilikuwa imekadiriwa 140,000, tukampa mdogo wangu. Sasa anaipanda kwenda shule, na kila jioni anaifuta kwa kitambaa. Kitu kilichokaa miaka minne bila mwenyewe kimepata mwenyewe. Nafasi stoo ilipatikana bila kutupa kitu.

Kilichozidi ni cha nani?

Baada ya kutenga vya amana, vya kuazima na vya marehemu, kilichobaki ndicho chetu. Na katika chetu, kilichozidi ndicho cha kutoa. Hapo tukakutana na mtihani wa mwisho, ambao nadhani unatuhusu sisi wa mabweni kuliko wazee wetu.

Mara ngapi tunapochangisha nguo kwa ajili ya wahitaji, rundo linalokuja ni mashati yasiyo na vifungo na soksi za mguu mmoja? Al-Baqara aya ya 267 inatuonya tusikusudie kibaya katika kutoa, kitu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea isipokuwa kwa kufumba macho. Hicho ni kipimo unachoweza kukitumia ukiwa umeshika shati mkononi: ningepewa mimi, ningefumba macho? Kama ningefumba, hilo si sadaka. Ni takataka ninayotaka maskini anibebee.

Takataka nazo zina adabu yake. Kuondoa lenye kuudhi njiani ni katika imani, basi kuliweka njiani ni katika nini? Magodoro mawili yaliyooza tuliyachimbia shimo kule mwisho wa shamba. Kuyaviringisha mpaka mtoni usiku, kama wafanyavyo wengi, ni kupanga nyumba yako kwa kuivuruga ya aliye chini ya mto.

Nyumba ilivyo sasa

Kwa wanaotaka kujua gharama: kupanga stoo kulitugharimu shilingi 28,000. Fundi seremala wa Bwera alituuzia mbao za mabaki kwa 16,000, misumari 7,000, kamba na sindano ya kushonea magunia 5,000. Mbao zikawa rafu tatu. Madumu ya lita 20 tuliyakata juu, yakawa vyombo vya maharage, mbegu na zana, kila dumu limeandikwa kwa mkaa. Makaratasi muhimu, yaani vyeti vya shule, karatasi ya kiwanja, kadi za kliniki na daftari la baba, tumeyatia ndani ya kavera mbili na kuyatundika juu ya mlango. Ushauri huo ni wa shangazi. Alituambia kwamba usiku ule wa Nyamwamba hakulilia makochi. Alililia vyeti vya wanawe, vilivyokuwa sakafuni chini ya kitanda.

Na rafu ya chini kabisa, iliyo kavu kuliko zote, tumeiacha kwa ajili ya amana. Kila kitu kikiwekwa hapo kinaandikwa: cha nani, kililetwa siku gani, namba ya simu. Mama hajui kusoma vizuri, kwa hiyo mdogo wangu ndiye karani.

Na mama wa Kongo? Alipopata habari alikaa kimya muda mrefu. Kisha alisema amenisamehe, kwa kuwa mimi ni mtoto kwake. Nilianza kushukuru, akaongeza, "Lakini wanangu watakula msamaha?" Alikuwa amerudi kuchukua cherehani ili ashone sare za shule kule Kyaka II. Hapo ndipo nilipoona kwa macho tofauti ile niliyoisoma kitabuni: alinisamehe dhambi, dhamana akaiacha palepale. Na alikuwa na haki.

Dawa ya deni ni kulipa. Fundi mmoja alikuwa na kichwa cha cherehani kilichotumika, cha aina ileile, anakiuza shilingi 180,000. Niliuza simu yangu kwa 90,000. Nilibeba mizigo Mpondwe kila Jumanne na Ijumaa mpaka likizo ikaisha, nikapata 45,000. Fundi alikubali kutoa mashine na kunisubiri kwa 45,000 zilizobaki mpaka mwisho wa muhula. Mama yule aliondoka nayo begani kama alivyokuja nayo mara ya kwanza. Ninapoandika haya bado nadaiwa, na ninaandika kwa kalamu kwa kuwa simu sina.

Ndugu zangu, simu ile ilikuwa kitu cha kwanza changu mwenyewe kutoka mikononi mwangu tangu nianze kusafisha. Vyote nilivyovitoa mwanzo kwa moyo mwepesi vilikuwa vya watu, na ndiyo maana moyo ulikuwa mwepesi. Zuhudi ni kuilegeza mikono yako kwa kilicho chako. Kwa kilicho cha mwenzio unatakiwa ukaze mikono, mpaka mwenyewe afike.

Tunamuomba Allah atuwezeshe kurudisha amana kabla ya siku ambayo hakuna cherehani wala shilingi, ila mema ya mtu kwenda kwa aliyemdhulumu. Wabillahi tawfiq.